Mjinga Aliyenunua Misumari Yote

Wiki iliyopita mliniacha chini ya meza ya kukatia vitambaa, daktari wa meno akibisha mlango wa karakana yangu. Wengine mmeniandikia kuniuliza nilitokaje pale chini. Msomaji mmoja ameniuliza kama akili zangu ni timamu. Swali hilo mke wangu analiuliza mwaka wa tatu sasa, kwa hiyo huyo msomaji apange foleni.

Kwa aliyechelewa kuanza kusoma, kisa chenyewe ni hiki. Mimi ni fundi wa makochi. Nipe kochi lililooza, nitalivua mpaka libaki mbao tupu, nilivishe upya, na mwenyewe atalipita mlangoni asilitambue. Nyumbani kwangu tunakalia viti vya plastiki.

Miaka mitatu nyuma mke wangu aliacha kazi ya kufua mashuka hospitalini, wakampa kiinua mgongo. Alitaka oveni ya gesi ya kuokea mikate ya kuuza. Mkono wake kwenye unga ni mwepesi, na majirani wana tabia ya kuja kuazima kitu chochote saa ile mkate unapoiva. Mimi, mwenye busara za kuokota, nikamwambia asubiri.

Nasema za kuokota kwa sababu niliziokota kweli. Ndani ya makochi ya watu nimeshakuta sarafu, vitana, hata meno ya bandia, lakini katika kochi la mzee mmoja mstaafu wa benki nilikuta kitabu. Kilifundisha kutafuta kampuni imara ambayo watu wameidharau, kununua hisa zake bei ikiwa chini, kisha kukaa nazo miaka na miaka ukila gawio. Bei ikishuka usikimbie, ongeza. Kilikuwa kimechanika sura ya mwisho, ile ya lini uuze, na mimi sikuona kama hilo ni tatizo.

Nikachagua kampuni ya misumari. Naijua, maana misumari yao imejaa kwenye kila kochi nililowahi kushika. Kampuni haidaiwi na mtu, kila mwaka inatoa gawio, na viwanja vyake peke yake vina thamani kuliko hisa zake zote ukizijumlisha. Tukanunua kwa kiinua mgongo cha mke wangu na kwa jina lake. Nikamwahidi kwamba gawio la miaka mitatu litanunua oveni, na hisa zitabaki pale pale zinatuangalia.

Tulinunua kwa sitini. Leo bei ni ishirini na mbili. Gawio lilikuja kila mwaka, sitaki kuisingizia kampuni. La mwaka wa kwanza lingetosha kununua mlango wa oveni, kama mlango ungekuwa unauzwa peke yake.

Kila bei iliposhuka niliongeza kidogo kwa pesa ya makochi, mpaka mwezi uliopita mke wangu na mama yake wakaniweka kitako. Mbele ya mama mkwe nikaapa kwa mkasi wangu. Sisi mafundi wa vitambaa mkasi hatuuazimi, na kuapa kwa mkasi si jambo la utani. Nilisema nikinunua tena hata hisa moja, mkasi uwe wa mke wangu, auuze au autupe, shauri yake.

Kiapo kilidumu mpaka dalali wa hisa aliponipigia simu. Kuna mtu, akasema, anauza misumari mingi kwa mpigo, bei ya kutupa. Droo yangu ilikuwa na advansi ya daktari wa meno, pesa ya sponji na kitambaa cha viti vya wagonjwa wa kliniki yake mpya. Nikajiambia nitakopa kidogo tu. Nikanunua zote, kwa jina langu, ili simu ya mke wangu isipate ujumbe wowote. Siku chache baadaye daktari akabisha mlango, nami nikaingia chini ya meza.

Basi tuendelee hapo.

Daktari alibisha tena, kisha akaingia, maana mlango nilisahau kuufunga. Nilimwona kuanzia magoti kwenda chini. Viatu vyake vilizunguka karakana polepole, vikasimama mbele ya pua yangu.

"Fundi," akasema, "naona soli za miguu yako."

Nikamjibu kwamba natafuta sindano. Alichokifanya kilinimaliza kabisa: alikunja suruali yake safi, akapiga magoti kwenye vumbi la mbao, akaanza kuitafuta na mimi. Huyo ndiye mtu ambaye nilikuwa nimekula pesa yake. Tulitambaa kwa magoti tukitafuta sindano ambayo haikuwepo, mpaka huruma ikanishika, nikajifanya nimeiona mfukoni mwangu.

Tuliposimama akaomba kuona viti. Nikamwonyesha fremu, mbao tupu zimepangwa ukutani. Alibonyeza moja kwa kiganja kama anayetafuta pale panapouma. Akauliza sponji iko wapi. Nikamweleza kwamba sponji mpya haikatwi haraka, lazima ipumzike kwanza. Akauliza inapumzikia wapi. Nikasema dukani.

Daktari huyu hapandishi sauti. Huongea kama mtu aliyeficha koleo nyuma ya mgongo. Akaniambia kliniki inafunguliwa Jumatatu asubuhi, na mtu mwenye jino linalouma hawezi kuambiwa asimame. Ijumaa jioni atakuja kuona, akute sponji imeshakatwa. Asipoikuta, ataomba pesa yake hapo hapo ampe fundi mwingine. Pesa isipokuwepo, atanipeleka kwa watu wenye sare, niwaeleze wao habari za sponji kupumzika.

"Na nisipokukuta hapa nitakuja nyumbani," akasema. "Napafahamu. Mke wako ni mgonjwa wangu."

Akanishika bega, akaondoka. Nilikaa juu ya fremu isiyo na sponji, na nawaambieni, mbao ni ngumu. Niliogopa hasa. Karakana ikifungwa ndiyo mwisho wa makochi, na pasipo makochi mke wangu hatauona mlango wa oveni, sembuse oveni.

Nikaenda mjini kwa dalali. Ni binti mdogo anayeniita mzee, na ofisi yake iko ghorofa ya kwanza, ina feni moja na runinga inayopitisha bei za hisa kutwa nzima. Nikamwambia nataka kuuza nusu ya zile nilizonunua. Aliigeuza kompyuta yake ili na mimi nione. Upande wa wauzaji ulikuwa umejaa. Upande wa wanunuzi ulikuwa mweupe.

"Mzee wangu," akasema, "mnunuzi wa hizi hisa ni wewe."

"Na wengine?"

"Wengine ni wewe wa mwaka jana."

Akaongeza kwamba hata mnunuzi angetokea sasa hivi, pesa isingenifikia kabla ya wiki ijayo. Ndivyo soko linavyokwenda. Nikaona nijiondokee, lakini udadisi ukanishika shati. Nikamuuliza ni nani huyo aliyeniuzia mzigo wote ule. Akasema siri ya mteja haitolewi, na hata angetaka kuitoa haijui, maana muuzaji alipitia ofisi ya wenzao wa ghorofa ya pili. Anachojua ni kile alichosimuliwa kwenye ngazi. Muuzaji alipoambiwa kuwa mnunuzi amepatikana alifunga macho akaomba dua, akasema Mungu amjalie maisha marefu mjinga huyo.

Nikaitikia amina. Maisha marefu nilikuwa nayahitaji.

Nitawaambia ukweli wote, maana ndiyo kazi ya safu hii. Nilishuka ngazi nikiwa na hofu, lakini pia nilijiona shujaa kidogo. Kitabu changu kilisema siku ambayo hakuna hata mmoja anayetaka kununua ndiyo siku ya mwenye macho. Mimi peke yangu, mji mzima, ndiye niliyekuwa na macho. Nikapita dukani kwa muuza sponji kumwomba anikopeshe. Alinisikiliza vizuri sana, akanipa soda, akaninyima sponji.

Ijumaa ikafika. Mchana nilikuwa karakana nakata kielelezo cha mkono wa kochi. Vielelezo huwa navikata kwenye magazeti, karatasi yake inakunjika vizuri kwenye kona. Nikachukua gazeti la siku hiyo aliloliacha mteja mmoja. Halikuwa gazeti hili, mhariri wangu tulia. Mkasi ulikuwa umefika katikati ya ukurasa nilipoona neno misumari, nusu yake kushoto na nusu kulia.

Nikaziunganisha zile nusu kwa gundi ya karatasi. Lilikuwa tangazo la kampuni yangu. Wameuza uwanja wao wa zamani, ule uliokuwa unaota nyasi tu, na pesa yake wanawagawia wanahisa. Juu ya gawio la kawaida, kila hisa itapata gawio maalumu la thelathini. Atalipwa yule ambaye jina lake litakuwa kwenye orodha mwisho wa mwezi, na pesa itatoka mwezi utakaofuata.

Thelathini, kwa hisa niliyoinunua kwa ishirini na mbili. Na hisa yenyewe inabaki mkononi.

Nilicheza. Nilikumbatia fremu ya kiti cha daktari nikacheza nayo karakana nzima, mpaka fundi viatu wa jirani akachungulia na kurudisha kichwa chake taratibu. Kisha nikapiga hesabu. Zangu zile mpya, ukijumlisha na za mke wangu za tangu mwanzo, zilitosha oveni, zilitosha mlango wa pili wa oveni, na zingebaki za kununua kochi. Hata daktari akija jioni nitamwonyesha gazeti, atanielewa, ni mtu aliyesoma. Nikalikunja, nikalitia kwapani, mkasi nikauchomeka mfuko wa nyuma, nikaenda nyumbani mbio kama mtu aliyesahau maji jikoni.

Nilifungua mlango wa sebuleni nikakutana na oveni.

Ilisimama pale ambapo miaka yote nimesema patakaa kochi. Haikuwa ile kubwa ya ndoto zake. Ilikuwa ya mlango mmoja, imetumika, imekwanguka ubavuni, lakini ilikuwa inawaka. Mama mkwe, aliyeuza mkaa sokoni ujana wake wote na bado ana sauti ya kupanga bei, alikuwa amekaa mbele yake amenyoosha miguu kama yuko uwanja wa mpira. Mke wangu alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko.

"Kaa kwanza," akaniambia. "Halafu usikasirike."

Nikakaa.

"Nimeiuza ile misumari."

Nikamuuliza misumari gani, kana kwamba nyumba yetu ina misumari ya aina mbili.

Akanieleza yote, akikanda huku anaongea, maana akiwa na hofu mikono yake haitulii. Alikwenda na mama yake, si kwa yule binti anayenijua, ila ghorofa ya juu yake, nisije nikapata habari nikamzuia. Walimwambia wazi kwamba hisa zile hazina mnunuzi. Akasema waziweke hivyo hivyo, kwa bei yoyote. Na zikanunuliwa zote, na mtu mmoja. Pesa iliingia jana. Oveni ameipata kwenye hoteli iliyofungwa, na mwenye mali amempa mpaka kesho mchana airudishe kama ina kasoro.

"Najua nimekula hasara," akasema. "Najua ulisema tusubiri. Lakini nimechoka kuwa tajiri wa kesho. Kila redio ikisoma bei za hisa naizima. Nataka mkate, leo, niuze, nile."

Msomaji, wewe umeshaelewa. Mimi nilikuwa bado naelewa. Nilikuwa nahisi kisa kinaelekea wapi, lakini sikutaka kufika.

Mama mkwe akanisaidia kufika. Alikuwa na hamu ya kumzungumzia mnunuzi. Tangu siku hiyo, akasema, anajaribu kumwaza mtu wa namna hiyo, aliyeona mzigo ambao dunia nzima imeukataa akaubeba wote peke yake.

"Hana mke huyo," akakata kauli.

Nikasema huenda hana.

"Au anaye, ila hamsikilizi."

Nikasema hilo pia linawezekana. Jasho jembamba likaanza kunishuka mgongoni, na haikuwa kwa sababu ya oveni.

Sasa oneni nilivyojifunga. Kwapani nilikuwa na habari kwamba mke wangu ameuza kwa ishirini na mbili kitu kinachokaribia kumlipa thelathini. Nikimwambia hiyo peke yake, nitamvunja moyo siku ya furaha yake ya kwanza baada ya miaka mitatu. Nikimwambia na ya pili, kwamba mnunuzi ni mimi na hisa zimo humu humu ndani, atapona, lakini itabidi nieleze nilivunja kiapo kwa ajili gani, na kwa pesa ya nani. Nikaamua kufanya kile ninachokiweza kuliko kushona. Nikanyamaza.

Nilisahau gazeti. Mke wangu alitaka karatasi ya kuweka chini ya bati la mkate lisiunguze meza, akanivuta lile la kwapani, akalitandaza. Lile lililounganishwa kwa gundi katikati linaita macho lenyewe. Akainama. Nikaona midomo yake ikisoma.

Akasoma mara ya pili. Kisha akavuta kiti akakaa, na unga wake wote.

"Thelathini," akasema. "Kwa kila moja."

Akaanza kulia. Hakulia kwa sauti, machozi yalikuwa yanashuka tu na kuchora njia kwenye unga wa mashavu. Mama yake akamwekea mkono mgongoni.

"Ulinambia nisubiri," mke wangu akasema. "Miaka yote nimekuona mjinga. Nilikusema kwa mama, nilikusema kwa majirani. Na wiki moja tu iliyobaki nikashindwa. Nisamehe, mume wangu."

Nilipaswa kusema ukweli pale pale. Badala yake nilikaa kimya nikamwacha aniombe msamaha. Ilikuwa kwa muda wa kumeza mate tu, lakini niliumeza vizuri, nikausikia utamu wake mpaka chini. Miaka mitatu sijaambiwa na mtu yeyote kwamba nilikuwa sahihi. Katika mambo yote niliyowasimulia tangu safu hii ianze, na mnajua nimewasimulia mengi, hilo ndilo ninaloliona aibu zaidi.

Kisha nikamtazama uso, nikashindwa.

"Hazijapotea," nikasema. "Yule mjinga ni mimi."

Hawakunielewa. Nikarudia. Nikasema mnunuzi ni mimi, nilinunua kwa yule binti wa ghorofa ya kwanza, sikujua muuzaji ni nani, hisa zote ziko kwa jina langu na Jumatatu nitaziandika kwa jina lake. Mke wangu alinitazama, akalitazama gazeti, akanitazama tena. Alipocheka, kicheko kilitoka pamoja na machozi. Akanirukia na unga wake, shati langu jeusi likawa jeupe. Akaniita majina ambayo hayajasikika katika nyumba hii tangu bei ilipokuwa sitini.

Mama mkwe alisimama akanipa mkono. "Mwanangu," akasema. Miaka yote hiyo nimekuwa mkwe, na siku akikasirika nimekuwa "huyo mtu wako". Siku hiyo nilipandishwa cheo nikawa mwanawe. Nikaanza kueleza jinsi kitabu kilivyosema, siku ambayo hakuna anayetaka kununua. Sauti yangu ilikuwa imeshaanza kujaa maringo.

Mama mkwe alikuwa bado ameushika mkono wangu. Nikahisi vidole vyake vimeacha kufurahi.

"Ila ngoja," akasema. "Ulinunua kwa pesa gani?"

Mke wangu akaacha kucheka.

"Na kile kiapo?" mama mkwe akaendelea. "Mkasi uko wapi?"

Uko wapi tena. Ulikuwa mfuko wa nyuma, unanichoma. Nikautoa. Akaupokea kwa mikono miwili, akauweka kwenye mapaja yake, akakaa. Cheo changu cha mwana kilikuwa kimedumu kwa muda wa salamu moja.

"Pesa ya nani?" mke wangu akauliza, polepole.

Mlango ukabishwa. Ulibishwa kwa upole, kama mtu asiyetaka kumshtua mgonjwa.

Daktari wa meno aliingia, akavuta harufu ya mkate, akatabasamu. Akamsalimia mama mkwe kwa heshima, akamuuliza mke wangu kuhusu lile jino la nyuma. Mke wangu akasema halimsumbui tena, asante. Kisha daktari akanigeukia.

"Fundi, nimepita karakana. Nimekuta fremu. Sponji bado inapumzika?"

Mke wangu si mtu wa kuelezwa mara mbili. Alimuuliza daktari alinipa kiasi gani. Daktari akakitaja. Alipokitaja, mke wangu aligeuka akaitazama oveni, nami nikaitazama, na mama mkwe naye, maana hesabu haikuwa ngumu. Pesa ya daktari ilitoka kwenye droo yangu ikapanda ghorofa ya kwanza, ikapitia ghorofa ya pili, madalali wawili wakaimega kidogo kidogo njiani, ikaingia kwenye mkoba wa mke wangu, na sasa ilikuwa imesimama sebuleni kwetu inaoka mkate.

Nikajaribu gazeti. Nikamwonyesha daktari lile tangazo, nikamweleza habari ya thelathini. Alilisoma kwa makini, akasema anatupongeza sana, kisha akauliza pesa inatoka lini. Nikasema si mwezi huu. Akauliza na ukiziuza hisa zenyewe. Nikasema soko linafunguliwa Jumatatu, na pesa yake ni wiki ya pili. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Wagonjwa wake watakuja Jumatatu hiyo hiyo asubuhi, na meno hayasubiri gawio.

Tulikuwa matajiri wa mwezi ujao. Usiku ule, kitu pekee katika nyumba yetu ambacho kingeweza kugeuka sponji kabla ya kesho jioni kilikuwa na mlango mmoja na mkwaruzo ubavuni. Mwenyewe alikuwa ameisubiri miaka mitatu, na alikuwa nayo tangu saa tisa mchana. Na hata kama sponji ingepatikana, mkasi wa kuikatia ulikuwa kwenye mapaja ya mama mkwe.

Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda, kwamba mwenye hisa ni mke wangu na mwenye oveni ni mke wangu, kwa hiyo aamue yeye.

Mke wangu alijipangusa uso kwa mkono, unga ukazidi. Akaenda akavuta kiti cha mwisho cha plastiki, akakifuta kwa aproni, akakiweka mbele ya daktari.

"Kaa, daktari," akasema. "Kuna mkate mle ndani, wa kwanza, na siufungulii mlango kabla haujaiva. Ukiiva, kuna kimoja kitatoka nyumba hii leo. Oveni, au misumari, au fundi."

Daktari akakaa. Nami nikakaa. Tulikuwa wanne kwenye viti vya plastiki, tumepangana tunaitazama oveni kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Baada ya kitambo daktari akauliza, kwa ile sauti yake, kwa kawaida mkate unachukua muda gani.

Mke wangu akasema hajui. Moto huu bado hajauzoea.